Kifusi Kilichoimba

Juzi upepo ulipita hapa Kaliua ninapoishi siku hizi, ukaangusha ukuta wa jirani na kuezua banda la mama muuza chapati. Haukuua mtu, tunashukuru. Asubuhi yake vijana wa mtaani wakakusanya kila kitu fungu moja: matofali yaliyolainika, mifuko ya plastiki, godoro lililolowa, nyaya, viatu visivyo na wenzake. Mmoja akaja na petroli kwenye chupa ya maji. Mimi nilikuwa naenda zangu bombani. Nikatua ndoo, nikapiga magoti, nikaweka sikio kwenye lile fungu.

"Dada, unampigia nani simu huko chini?" yule wa petroli akaniuliza, na wenzake wakacheka mpaka mmoja akakaa kwenye ndoo yangu.

Nikacheka nao. Mimi ni mtu wa kucheka, ndivyo nilivyoumbwa. Lakini sikuondoa sikio mpaka nilipohakikisha ndani kumenyamaza, na hata hapo niliwabembeleza wasichome kwanza, tutenganishe. Walinisaidia kwa kunihurumia tu, nadhani. Nilirudi nyumbani na harufu ya tope bichi mikononi, ile ya ukuta uliolowa mpaka ndani, na harufu hiyo ikanikalisha kitandani mchana mzima. Mkiwa wa rika langu, na mkiwa mmekulia upande wetu huu, labda mtanielewa. Sijawahi kuiandika habari hii. Naiandika sasa.

Nilikulia kwa Bibi, mama yake mama yangu, kijijini upande wa Sikonge, mahali ambapo ile njia ya zamani ya misafara imebaki uchochoro wa baiskeli na ng'ombe. Baba alikuwa machimboni Chunya, anakuja akikumbuka. Nyumba ya Bibi ilikuwa ya matofali mabichi, chumba paa la bati na jiko la nyasi. Nyuma yake kulikuwa na kilima kidogo kilichozungushiwa mawe meupe, na kando yake ndipo Bibi alipopenda kukaa na kazi zake za kukaa: kumenya mihogo, kupukuchua mahindi, kuchagua mchele. Nilikatazwa kukanyaga hapo. Nilidhani Bibi ana shamba lake la mawe, na sikuona ajabu, maana watu wazima wana mengi.

Akikaa pale alikuwa anaimba bila kufungua mdomo. Wimbo hauna maneno, ni mmm ndefu inayotoka kifuani, inapanda kidogo, inashuka, inapumzika, inaanza tena. Ukiegemeza kichwa mgongoni kwake unaisikia kwa mfupa. Mimi nililala usingizi mwingi wa mchana juu ya ule mgongo. Aliniita mke mwenza, kama bibi zetu wanavyotutania. "Mke mwenzangu, kalete ungo. Au unasubiri mume wetu afufuke akuletee?" Babu alishafariki kabla sijazaliwa, lakini mle ndani tuligombea mapenzi yake kila siku.

Mama yangu yeye alikuwa Tabora.

Ndivyo nilivyoambiwa. Nilikuwa mdogo sana, nikapelekwa kwa shangazi kukaa kidogo, na niliporudi Mama hayupo. "Amepelekwa Tabora, hospitali." Ukiuliza lini atarudi, mtu anakutuma maji. Baadaye nikaanza kuona. Mzee wa nyumba ya tatu alipelekwa Tabora, kisha tukaenda kwao tukala makande mengi, wanawake wakalia, na yule mzee hakurudi. Kichanga cha mwalimu kilipelekwa Tabora, hakikurudi. Watoto wenzangu walikuwa wanaiota Tabora, wanasema kuna treni, kuna maduka ya Wahindi yenye peremende za rangi rangi. Mimi sikuiota. Kichwani mwangu Tabora haikuwa mji. Ilikuwa shimo fulani kubwa, mbali, ambalo watu wazima huwatumbukizia watu kisha wanatazama pembeni.

Siku ya ule upepo tulikuwa shuleni. Mwalimu alitusogeza katikati ya darasa, mbali na madirisha, na mvua ya mawe ikapiga bati kwa kelele ambayo huwezi hata kusikia unavyolia. Ilipoisha tukaambiwa haya, nendeni, mkaone makwenu. Njiani mabati yalikuwa yamening'inia kwenye miti kama nguo zilizoanikwa. Majani yaliyopasuka yalinuka ukali, kama mtu amesaga kisamvu kijiji kizima.

Kilichonishtua si kifusi. Ni kuona mbali. Siku zote ukifika kwenye kona ya Mama Konsolata, jirani yetu, unaona ukuta wa Bibi na basi. Siku hiyo niliona mpaka njia ya misafara. Niliona mninga mkubwa umelala, na mizinga ya nyuki ya Mjomba Maganga imepasuka kando yake. Anga ilikuwa nyingi kupita kiasi. Kisha ndipo nikatazama chini na kuona tope, bati lililokunjwa, na mguu wa kitanda chetu.

Mama Konsolata alinishika kabla sijafika. Mikono yake ilikuwa na udongo mpaka viwikoni na kanga imechanika.

"Bibi yako yuko hai, mwanangu. Tumemtoa. Amepelekwa Tabora."

Yaani maneno hayo mawili ya mwisho. Sikulia. Nilimwangalia tu usoni, nikaona macho yake yanakwenda pembeni. Leo najua alikuwa anaangalia watoto wake mwenyewe, na paa lake lililokuwa limekwenda. Siku ile niliona kile kile nilichokizoea.

Basi nikawa mtoto wa Mama Konsolata. Nyumba yao nayo ilikuwa imebaki kuta nusu, kwa hiyo tulilala kwenye bani lao la kukaushia tumbaku, lile refu lisilo na dirisha. Ndani kulinuka tumbaku ya miaka yote, harufu tamu inayokwaruza koo. Watoto walilala mstari mmoja na mimi mwisho wa mstari, kwenye ukuta. Walikuwa wema. Walinipa ugali, walinipa shuka. Ila walikuwa wanalala wao kwa wao, mguu wa huyu juu ya tumbo la yule, na mimi sikuwa na wa kumwekea mguu. Nilikuwa naweka sikio kwenye ukuta wa bani. Ukuta haukusema kitu.

Mama Konsolata alizaliwa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, wazazi wake walitoka Burundi, na kujenga upya alikujua kama wengine wanavyojua kupika. Wakati watu bado wameshika viuno wanatazama vifusi vyao, yeye alikuwa ameshaanza kupanga vyake mafungu. Tofali lililolainika linawekwa upande huu: litalowekwa, litakanyagwa, litarudi kwenye kalibu liwe tofali tena. Mbao huku, zing'olewe misumari. Bati kule, linyooshwe kwa nyundo ya mti. Na vitu vinavyouma, alisema hivyo hivyo, vinavyouma, vinaingia kwenye debe lenye mfuniko: misumari, vioo, nyembe, betri, chupa za dawa ya tumbaku.

"Udongo haufi," alituambia. "Ila ukiuacha na kioo ndani, siku ya kuukanyaga utakulipiza."

Mwanawe Fidelisi, rika langu, alikuwa amekanyaga msumari siku ile ile ya upepo. Akachomwa sindano ya pepopunda, na bandeji yake alitembea nayo kama medali. Kwa ajili hiyo sisi watoto tulipewa kazi ya misumari. Redio ya Bibi ilirushwa na upepo mpaka kwenye mihogo, ikapasuka, na Mama Konsolata akatoa ile sumaku ya spika, akaifunga kamba. Tulikuwa tunaiburuta kwenye mchanga kama mbwa mdogo, inarudi imeota misumari mwili mzima. Ilikuwa raha, siwezi kudanganya. Lakini kila nilipoishika nilikumbuka ilikuwa inasema habari ya saa mbili, na Bibi anaijibu.

Sasa, kila nyumba ilikuwa na watu wa kupanga kifusi chake. Cha Bibi hakikuwa na mtu. Mama Konsolata alisema akimaliza chake atakuja, lakini chake kilikuwa kikubwa na mikono ni miwili. Na kitu kisicho na mwenyewe, mnajua wenyewe. Mtu mmoja akaja na ndoo ya vioo, akamwaga pale. Mwingine nyasi za paa zilizooza. Mwingine godoro. Kifusi cha Bibi kikawa kinanenepa kila siku. Kikafika mpaka nyuma, kwenye mawe meupe, kikayafunika.

"Wee, nyumba yenu imekuwa jalala," Fidelisi alinichokoza. Na watoto wengine wakapata jina: "Wa kifusi! Wa kifusi huyooo!"

Nilikwenda pale mchana mmoja kukwepa jina hilo. Jua lilikuwa kali. Nikazunguka nyuma, upande ambao Bibi alikuwa anakaa, nikalaza kichwa kwenye kipande cha ukuta chenye joto kama nilivyokuwa nalaza mgongoni kwake.

Mmmmm.

Nilinyanyua kichwa. Kimya. Nikalaza tena. Mmm, inapanda kidogo, inashuka. Kwa mbali, chini, kama mtu aliyefunga mdomo.

Sasa mimi nilijua redio haimo, redio sumaku yake ilikuwa mfukoni mwangu. Nyuki walikuwapo, niliwaona wanapita, lakini siku zile nyuki walikuwa wanazurura kila mahali kwa sababu mizinga imepasuka, na kwetu nyuki ni kama nzi, hakuna anayeshangaa. Sikuwaza nyuki hata kidogo. Niliwaza kitu kilichokuwa wazi kabisa: hawakumtoa Bibi. Walisema Tabora kama wanavyosema siku zote, kumbe wamemwacha humu. Na Bibi, kwa kuwa ni Bibi, hakupiga kelele. Amekaa anasubiri, anaimba.

"Shikamoo Bibi," nikasema kwenye ufa.

Mmmm. Nikaichukua kuwa marahaba.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Walionidanganya ndio hao hao. Nilianza kutoboa mwenyewe kwa kijiti, lakini vile vipande vilikuwa vizito na mimi mkono wangu ulikuwa wa mtoto. Basi nikawa namtunza. Nilificha tonge la ugali kwenye kiganja, nikalisukuma kwenye ufa. Kesho yake halikuwapo, nikafurahi jamani, kumbe siafu. Nilimmwagia maji kidogo kidogo. Nilimsimulia yote: kwamba Fidelisi anakoroma, kwamba mume wetu hajafufuka. Siku moja kitu kiliniuma sikioni nikiwa nimelala pale, nikadhani msumari. Sikio likavimba kama andazi, na watoto wakapata jina la pili. Nikarudi kesho yake na sikio la upande mwingine.

Sijui kama mtaniamini nikisema hizo zilikuwa siku za upweke kuliko zote nilizowahi kuishi, na hapo hapo nilikuwa na furaha. Nilikuwa na siri, na siri ilikuwa inapumua.

Kisha mwenyekiti wa kitongoji akapita akitangaza. Alikuwa mtu mwema ila wa haraka, mtu wa kofia. Wageni wa wilaya wanakuja kutazama maafa, akasema, kwa hiyo Jumamosi kile kifusi cha bibi kichomwe, kitakachobaki kisukumwe korongoni.

"Mwenyekiti," Mama Konsolata akasema bila kuacha kung'oa misumari, "wakikuta pasafi wataona maafa gani?"

Watu wakacheka.

"Mama Konsolata, wewe na mafungu yako! Huko Ulyankulu mlikuwa mnapanga mpaka majani?"

"Tulikuwa tunapanga. Mle ndani kuna chupa za dawa, kuna betri. Moshi wake utauvuta wewe au watoto? Na korongo linashuka kisimani."

"Moshi unapita, mama. Upepo unaelekea porini." Na mtu mmoja nyuma akasema, si kwa sauti ndogo sana, kwamba wageni waliokuja juzi sasa wanatufundisha kufagia. Mama Konsolata alikuwa ameishi pale miaka mingi kuliko umri wangu. Akaendelea na misumari yake.

Jumamosi asubuhi walipokuja na mafuta ya taa walinikuta juu ya kifusi. Nilikuwa nimevaa sare ya shule, maana ndiyo nguo pekee niliyobaki nayo.

"Shuka, mtoto."

"Sishuki."

"Utaungua!"

"Na Bibi je?"

Mwenyekiti akavua kofia, akajikuna, akaivaa. "Bibi yako yuko Tabora, mama. Hujaambiwa?"

"Bibi yumo humu," nikasema, na hapo ndipo kilio kilichokaa siku zote hizo kikatoka chote kwa pamoja. "Yumo humu, anaimba. Mnataka kumchoma!"

Mama mmoja akasema maskini, mtoto ameguswa kichwa. Mama Konsolata alipanda. Nilidhani anakuja kunibeba nikakaza miguu, lakini alipiga magoti, akauliza, "Wapi?" Nikamwonyesha. Akalaza sikio.

Niliuona uso wake ukibadilika. Akafanya ishara ya msalaba.

"Yesu na Maria. Kuna kitu."

Nadhani ni hapo tu, katika maisha yangu, nimeona watu wazima wengi wakiogopa kitu kimoja na mimi. Kijana aliyeshika kibiriti alikiingiza mfukoni haraka kama ameshikwa anaiba. "Jamani," yule mama akanong'ona, "dereva wa pikipiki aliyembeba bibi ndiye peke yake aliyesema amemfikisha. Nani mwingine alimwona?"

Tukiwa hivyo ndipo Mjomba Maganga akatokea kwenye njia ya misafara. Si mjomba wa mtu, ila watoto wote tulimwita hivyo. Alikuwa mrina asali wetu, na upepo ulipiga akiwa kambini porini. Alikuwa anasukuma baiskeli yenye madumu.

"Mwangaluka!" akatusalimu. "Kuna msiba?"

Wakamwonyesha kwa kidole, hakuna aliyetaka kueleza. Akaegesha baiskeli, akapanda, akalaza sikio mahali petu. Akatabasamu polepole mpaka meno yote yakaonekana.

"Huyu bibi yenu," akasema, "ana mabawa."

Walikuwa nyuki wake. Walihama kwenye mizinga iliyopasuka, wakakuta mtungi mkubwa wa maji wa Bibi umelala chini ya kifusi, mtupu, una giza, na ufa wa kuingilia upande wa nyuma. Mtungi ndio ulikuwa unaikuza sauti.

"Sasa sikilizeni," Mjomba akasema. "Ukiwasha moto hapa, hawa watatoka wote kwa hasira, na hakuna atakayekimbia kwa kasi ya nyuki. Ukipiga jembe, vilevile. Kifusi hiki kinabomolewa kwa mkono, kitu kimoja kimoja, kama mnamvua nguo mgonjwa."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kijiji kilichokataa mafungu ya Mama Konsolata kilisimama mstari mmoja, kinapokezana vitu kwa upole, na yeye mwisho wa mstari anaelekeza: mbao, bati, udongo, kinachouma, kinachouma, udongo. Na kila kitu kilichotoka kilikuwa na mtu wake.

"Godoro la nani hili?"

Wote wanaangalia mawingu.

"Basi halina baba. Na hii ndoo ya vioo? Jamani, si ina jina la mtu hapa?"

"Ah, hiyo... hiyo iliazimwa."

Watu wakaanza kucheka tena, kwa kubana, kwa kuwaogopa nyuki. Chupa za dawa ya tumbaku zilipotoka mwenyekiti alizipokea mwenyewe, akasema taratibu, "Hizi nipeni, zangu. Nitazirudisha ghala la ushirika zilikotoka." Mama Konsolata alimpa kitambaa cha kushikia.

Upande wa nyuma walipoondoa nyasi zilizooza, mawe meupe yakaonekana, yamesambaa. Nikaokota moja nipeleke kwenye fungu la mawe ya msingi. Mama Konsolata akalichukua mkononi mwangu, akalifuta kwa kanga, akalirudisha chini lilipokuwa. Kisha akayafuata mengine, moja moja, mpaka duara likakamilika. Watu wote wakawa wanapita pembeni yake. Nilidhani kumbe hayo nayo yana fungu lake, nikaendelea na sumaku yangu.

Mtungi ulifikiwa jua likiwa limeshapinda. Mjomba akapuliza moshi kidogo wa kinyesi kikavu cha ng'ombe, akasogeza kigae cha mwisho, na wote tukaona: mdomo wa mtungi umejaa nyuki, wanang'aa, wanatembea juu ya wenzao, na nta mpya nyeupe ndani. Watu wakashangilia kwa kunong'ona. Mwenyekiti akanipigapiga begani. "Umetuokoa, wa kifusi!"

Kila mtu alikuwa na furaha. Mimi nilichungulia mle ndani, nyuma ya nyuki, chini ya nyuki. Hakukuwa na nafasi ya mtu.

Mama Konsolata alinikuta nimekaa kwenye fungu la udongo. "Mbona unalia tena? Si nyuki ni wazima?"

"Kwa hiyo Bibi kweli amepelekwa Tabora."

"Ndiyo, mwanangu, si nilikwambia..." Akakatika. Aliniangalia muda mrefu, na safari hii macho hayakwenda pembeni. Akakaa chini kwenye tope, yeye mwenye kazi zote zile. "Mwana wanje," akasema kwa lugha ya kwao. "Tabora ni mji tu. Una watu wanauza nyanya. Kesho utauona."

Tulipata lori lililokuwa linarudi mjini tupu. Nikaona nyanya. Nikaona maduka na vitambaa vimesimama kwenye marobota, mzee wa Kihindi anapima kwa mkono, na peremende za rangi rangi ndani ya chupa. Treni ilipiga honi mahali. Kila kitu nilichokiona kilinifungua kifua kidogo zaidi, maana kama Tabora ipo, basi watu waliopelekwa Tabora nao wapo. Tulipofika hospitali nilitembea wadini kama mtu anayekwenda sikukuu.

Bibi alikuwa kitanda cha dirishani, kifua kimefungwa, mdogo kuliko nilivyomwacha. Sauti yake ilikuwa upepo mtupu.

"Mke mwenzangu. Umekuja kuchungulia kama nimekuachia mume?"

Nilimkumbatia mkono, maana kifua nilikatazwa. Alinuka dawa na chini ya dawa alinuka Bibi. Nikakaa kidogo. Kisha nikashuka, nikaanza kuzunguka wadi. Niliangalia uso wa kila mama kitandani. Wengine walinitabasamia. Nilifika mwisho, nikarudi kwa upande mwingine.

"Unatafuta nini, mama?" Bibi akauliza.

"Mama," nikasema. "Yeye yuko kitanda kipi?"

Mama Konsolata alijifunika mdomo kwa kanga, akageukia dirishani. Bibi alifumba macho. Nilidhani amelala. Halafu akapapasa shuka, akaonyesha nikae hapo.

"Mama yako hayupo hapa," akasema, anapumzika kila neno. "Mama yako yuko nyumbani. Kwenye mawe yangu meupe. Alifariki, mjukuu wangu. Tulikwambia Tabora kwa kuwa ulikuwa mdogo. Na mimi mwenyewe neno lile lilikuwa halitoki."

Nilikumbuka Mama Konsolata anafuta yale mawe kwa kanga yake.

"Ndiyo maana unaimba pale?"

"Alipokuwa mtoto alikuwa halali mpaka nimwimbie."

"Na sasa nani anamwimbia?"

Bibi alivuta pumzi ajibu, ikapiga mluzi, ikamkatika.

Alirudi nyumbani baada ya mvua kwisha, kwenye nyumba ya udongo ule ule, tulioukanyaga wenyewe, usio na kioo hata kimoja ndani. Mtungi wake, Mjomba aliupandisha kwenye panda la mti nyuma ya nyumba pamoja na wenyewe waliomo, na Bibi alilalamika mpaka uzeeni kabisa kwamba aliporwa mtungi akiwa hospitali. Aliongea, alitania, aliishi. Ila ile mmm haikurudi. Mbavu zilipona vibaya, pumzi haikutosha kushuka mpaka kule inakotoka.

Lakini kabla ya hapo, jioni ile ile tuliyorudi kutoka Tabora bila yeye, nilishuka kwenye lori nikaenda moja kwa moja nyuma, mahali palipokuwa nyumba. Nilikaa kando ya mawe, bila kuyakanyaga. Nikafunga mdomo, nikajaribu. Sauti ilitoka nyembamba, ya mbu. Fidelisi akapita na bandeji yake, akafungua mdomo kunitania, akaona ninakokaa, akaufunga, akaenda zake.

Mtungi ulikuwa bado uko chini pale, umefunikwa kwa gunia, unasubiri kupandishwa mtini. Nikalaza sikio karibu yake, lile lililokuwa bado andazi. Nikaitafuta kifuani mwangu sauti ya nyuki, ile ya chini. Nikaikosa, nikaitafuta tena, nikaipata. Nikaishika hapo hapo, sikuiachia, mpaka Mama Konsolata aliponiita nikale.